Ubao wa Milly

Wanyange, Jinja
2 Septemba 2025

Dada Nambozo,

Salamu nyingi. Hatujuani. Mimi ni Maximilla, mke wa Mugweri, aliyekuwa mume wa marehemu dada yako Betty. Najua jina langu si tamu masikioni mwako, lakini nakuomba usome hadi mwisho, kwa sababu ninaloandika si langu, ni la Milly.

Ile kompyuta ya Betty uliyomwekea Milly ubao wa kusemea bado inafanya kazi. Milly ametimiza miaka kumi. Mwili haumtii na mdomo hautoi neno, lakini mkono wake wa kushoto una akili zote. Anagonga picha ya uji kwa kifundo cha kidole, na sauti ya mama yake inasema, "Uji." Nilipoolewa hapa mwaka jana nilikuwa nikiisikia sauti hiyo nikiwa jikoni, nywele zinanisimama. Sasa nimeizoea. Nikikawia, Milly anagonga "Njoo," nami naitika, "Abee!" Namwitikia Betty.

Mugweri amepata kazi ya kutunza hesabu za ghala. Kazini wamemwambia mfumo wa kompyuta hii umezeeka, lazima aweke mpya. Fundi amekuja kuiangalia, na anasema akirudi atafuta kila kitu aanze upya. Nikamuuliza, "Na ubao wa mtoto?" Akajibu kwamba kitu hicho hakijui, hakikununuliwa dukani, kikifutika hakuna pa kukitoa tena.

Nieleze nifanye nini ubao usipotee. Mimi kompyuta najua kuwasha na kuzima tu.

Simu yangu iko kwa fundi, ndiyo maana naandika. Barua anayo Odhiambo, dereva wa kwetu Busia anayeshusha sabuni Mbale. Anasema duka la Semei hapo Malukhu wanakujua.

Mugweri anakusalimu.

Maximilla


Malukhu, Mbale
7 Septemba 2025

Bi Maximilla,

Barua nimeipata. Mugweri hajanisalimu tangu siku tuliyomzika Betty, kwa hiyo salamu hizo nimezirudisha humo humo zilimotoka.

Nitasema wazi. Sisi ni watoto wa kambini, baba yetu alikuwa askari, Kiswahili cha mzunguko hatukufundishwa. Mwanamke anayeingia nyumba yenye sauti ya mke aliyetangulia, lazima siku moja atatamani ikae kimya. Kama ndilo unalotafuta, usinitumie mimi kama kifuniko. Betty alirekodi maneno yale mia mbili na kitu akiwa amekaa jikoni kwangu likizo nzima. Sina sauti yake nyingine popote.

Kama unasema kweli, fanya hivi. Kwenye uso wa kompyuta kuna folda imeandikwa MILLY. Inakili yote kwenye flash mbili, si moja. Mojawapo niletee. Lakini hiyo ni sauti na picha tu. Programu yenyewe niliiandika kwa mkono wangu na inakaa mahali pengine, pamoja na faili inayoiambia picha ipi inaita sauti ipi. Folda hiyo imefichwa, kwa macho haionekani. Nimekuchorea kwenye karatasi ya pili, hatua kwa hatua, jinsi ya kuifichua. Fundi asiguse mashine kabla hujamaliza. Mwambie Mugweri asubiri. Diski ikishafutwa, hata mimi sina dawa.

Namba yangu ya simu iko chini. Simu yako ikitoka kwa fundi, piga.

Nambozo


Wanyange
16 Septemba 2025

Dada Nambozo,

Usinikasirikie. Fundi alikuja kabla ya siku aliyosema, barua yako ikiwa bado njiani. Nilimsikia getini, nikachomeka flash niliyokuwa nayo, nikavuta folda ya MILLY kama nilivyowahi kuona watu wakifanya. Hiyo iliyofichwa sikuijua. Mugweri aliingia nikiwa nimeinama pale. Akauliza, "Unaiba nini?" akacheka, nami nikacheka. Flash ilikuwa tayari kwenye sidiria.

Kompyuta sasa inang'aa. Ubao hauko. Fundi alisema kwa upole, "Mama, diski niliifuta yote, ndivyo bwana alivyotaka." Nilimwomba Mugweri atafute namna. Akasema, "Nyumba imetulia sasa. Husikii?"

Milly hajaelewa. Anapelekwa mbele ya mashine, anagonga kioo mahali penye uji, hakuna. Anagonga tena. Kisha ananitazama mimi.

Flash hii hapa. Nimekuchorea pia ubao jinsi ulivyokuwa, picha moja moja mahali pake, maana mkono wake unajua mahali kuliko picha. Uji juu kushoto. Choo chini yake. Njoo kwenye kona ya kulia kabisa, kwa sababu ndiko anakofikia hata akiwa amechoka. Nilifumba macho nikazikumbuka karibu zote.

Jambo jingine. Wiki za mwisho kabla ya fundi, alikuwa akigonga maneno yale yale kwa mpangilio ule ule: Baba. Mlango. Simu. Mama. Lala. Akimaliza ananitazama tumboni, anaanza tena. Nadhani anataka baba yake amfungulie mlango, tumpigie mama yake simu, maana amechoka na kulala kwa mama yake. Ilinitoa machozi. Na nilivyo na mimba ya miezi saba, machozi yako karibu.

Sitoki sana siku hizi. Mugweri anasema mjamzito hafai kuzungukazunguka. Flash anaipeleka jirani yetu Shakirah kwa Odhiambo.

Maximilla


Malukhu
21 Septemba 2025

Mdogo wangu Maximilla,

Nisamehe barua ile ya kwanza. Mtu anayetaka kufuta hachori ubao kwa kumbukumbu. Niliuweka mchoro wako juu ya meza ya maabara hapa shuleni Nabuyonga ninapofundisha kompyuta, nikakaa chini.

Sauti zimefika zote. Tatizo ni kwamba hazina majina, zina namba tu. Majina yalikuwa kwenye faili iliyofutwa. Na programu yenyewe haikubali mfumo mpya, naiandika upya, safari hii kwa ajili ya tableti, kitu kidogo cha kushika ambacho hakuna atakayekidai kwa kazi. Kwa hiyo kila jioni wanafunzi wakitoka, nafungua sauti moja, namsikiliza dada yangu, naangalia mchoro wako, naiunganisha na picha yake. Jana alinipigia kelele, "Chumvi!" Nikacheka peke yangu, kisha nikashindwa kuendelea.

Kuhusu maneno ya Milly, nadhani umesema sawa. Anajua mama yake amelala. Mwache alie kwa namna yake. Mugweri alituambia Betty alikufa usingizini, na mimba aliyokuwa nayo ilikuwa nzito. Labda mtoto alimwona asubuhi.

Lakini nieleze kitu kimoja. Nilipiga namba yako niliyopewa na Odhiambo. Mwanamume aliipokea, akasikiliza jina langu, akakata. Simu gani iko kwa fundi na inapokelewa?

Jibu upesi.

Nambozo


Wanyange
30 Septemba 2025

Shemeji Nambozo,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Barua yako ya tarehe 21 imefika mikononi mwangu badala ya mikono uliyoikusudia, na nimeisoma mimi. Ya kwanza pia nimeiona, ilikuwa chini ya godoro.

Sina ugomvi na wewe. Uliteseka kwa kumpoteza dada, nami niliteseka kwa kumpoteza mke. Lakini si vizuri mtu mzima kuingilia nyumba ya mwenzake kupitia madereva wa malori. Kompyuta ni chombo changu cha kazi. Ule mchezo wako ulikuwa unamsumbua mtoto. Fikiria wewe: mtu amekufa, na kila asubuhi anaita chakula ndani ya nyumba yako. Mfu apumzike. Daktari amesema Milly atazoea.

Mke wangu anahitaji utulivu kwa hali aliyonayo. Amepumzika ndani. Ameniomba nikuambie usimwandikie tena.

Shamba letu la Kamuli limepata mvua nzuri. Mungu ni mwema.

Wako,
Mugweri


Malukhu
5 Oktoba 2025

Maximilla,

Nimemkabidhi Odhiambo barua hii akutafute huko Busia kwa mama yako.

Jana Jumamosi nilipanda gari asubuhi nikaja Wanyange, tableti ikiwa kwenye mkoba. Barua ya Mugweri ilinitoa usingizi. Nilifika nikakuta mlango una kufuli kubwa kwa nje, madirisha ya mbele yamefungwa. Niligonga, nikaita jina lako, nikamwita Milly. Kimya. Nilikuwa bado naita, Mugweri akatokea nyuma yangu na mfuko wa mkate. Hakukasirika. Alisema, "Shemeji, umejisumbua. Wameenda Busia, mama yake aliwahitaji." Akaniletea kiti uani, akaninunulia soda. Tuliongea habari za mvua.

Niliondoka nimetulia, lakini njiani nikaumia. Ungeniaga. Mtoto wa dada yangu amevushwa mpaka wa nchi bila mimi kujua, na mimi nimesimama kwenye mlango wenye kufuli kama mdai.

Ubao umekamilika. Unafanya kazi. Niambie niupeleke wapi.

Nambozo


Wanyange
8 Oktoba 2025

Mwalimu Nambozo,

Asalaam aleikum. Mimi ni Shakirah, nauza mukene, yaani dagaa, hapa mwaloni mitumbwi inaposhusha samaki, na ukuta wangu na wa Mugweri ni mmoja. Odhiambo alikwenda Busia na barua yako. Mama yake Maximilla alishangaa, hajamwona binti yake tangu Pasaka. Odhiambo akairudisha kwangu, nami nimempenyezea mwenyewe kwenye nondo za dirisha la nyuma, amesoma, analia.

Mwalimu, hawakwenda Busia. Walikuwa ndani.

Mugweri anafunga kufuli kwa nje kila akitoka. Simu ya mkewe iko mfukoni mwake. Siku ile uliyokuja mimi nilikuwa mwaloni, wallahi ningekuwepo ningesema. Maximilla ananiambia walikuwa wameketi kitandani yeye na Milly. Mugweri alikuwa amemwambia asubuhi, "Mtu akija na wewe ukatoa sauti, utaona." Basi akakaa kimya. Alikusikia unaita. Akamsikia mumewe akisema wameenda Busia, akasikia mpaka kifuniko cha soda.

Milly aliijua sauti yako. Mkono wake wa kushoto ukawa unagonga godoro, unagonga tu, pale pale kwenye kona ya kulia ambapo picha ya "Njoo" ilikuwa. Maximilla anasema alijaribu kuushika, ukamshinda nguvu. Lakini godoro halina sauti.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Akaniambia, "Mama, hayo ni ya chumbani, usiyatoe nje."

Tangu jana tumbo linamuuma Maximilla na damu inatoka. Nilipomwambia Mugweri ampeleke hospitali, alisema wanawake hupenda kukuza mambo, akafunga kufuli akaenda kazini. Maximilla amenishika mkono kwenye nondo akaniambia nikuandikie hivi: "Milly hakuwa anamwita mama yake. Alikuwa ananisimulia mimi. Alikuwa ananionya."

Namba yako ilikuwa kwenye barua aliyoichukua Mugweri, isingekuwa hivyo ningepiga. Odhiambo anasubiri barabarani, injini inawaka, anakuja kwako moja kwa moja. Rudi naye. Lete hicho kitu cha mtoto. Na mje na chuma cha kuvunjia kufuli, mimi sina.

Shakirah


Malukhu
3 Novemba 2025

Maxi,

Odhiambo ameniambia umefika kwa mama yako, na kwamba mtoto ananyonya na kulia kama mtu aliyedhulumiwa. Mwache alie. Mimi tangu tulipovunja kufuli tukakutoa ndani ya nyumba ile kwenye shuka, kilio cha mtoto mchanga ndicho kitu kinachonipa usingizi.

Nakuandikia yaliyotokea kituo cha polisi cha Jinja, kwa sababu ulikuwa bado hospitali na sitaki uyasikie kwa mwingine.

Afande Naigaga wa kitengo cha familia alitupa chumba kidogo. Milly nilimpakata, tableti juu ya meza. Afande alikuwa na mashaka. Aliniambia, "Mwalimu, nitajuaje kwamba si wewe uliyepanga maneno?" Nikamwambia, "Muulize asilolijua mtu ila yeye na wewe." Akafikiri, akatoa biskuti kwenye droo, akamchukua Milly mapajani mwake, akanigeuza niangalie ukuta, akampa kipande. Kisha akauliza, "Nimekupa nini?" Nyuma yangu nikamsikia Betty akisema, "Tamu." Halafu, "Tena."

Afande hakucheka. Akanirudishia mtoto, akavuta kiti.

"Milly, siku mama alipokufa, ulikuwa wapi?"

"Kitanda."

"Mlango ulikuwa wazi?"

"Hapana."

"Nani alifunga?"

"Baba."

"Mama alikuwa anaumwa?"

"Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo." Ilinibidi nimshike mkono apumzike.

"Simu ya mama ilikuwa wapi?"

"Baba."

"Mama aliita watu?"

"Ndiyo."

"Nani alikuja?"

Hapo mkono wake ulizunguka juu ya ubao wote kama anatafuta picha ambayo sikuiweka. Mwisho akagonga "Asubuhi." Akagonga "Mama." Akagonga "Baridi."

Maxi, nilikuwa nimemsikiliza dada yangu majuma mazima nikiunganisha yale maneno, nikadhani nimemaliza kulia. Lakini yale yalikuwa maneno ya kuombea uji na blanketi. Sikuwahi kufikiri kwamba siku moja angeyatumia kueleza jinsi alivyokufa.

Ukuta wa chumba kile ni wa mbao. Sikujua kwamba Mugweri walikuwa wamemketisha chumba cha pili, anasubiri kuandika maelezo yake. Baada ya "Baridi" tulisikia kiti kinaanguka, na sauti yake, ile ile ya upole, lakini imepanda: "Betty, nyamaza! Nilisema ningerudi, si nilisema? Nyamaza!"

Afande aliacha kuandika. Akanitazama. Kisha akainamisha kichwa akayaandika na hayo.

Alitaka kubaki na tableti kama kielelezo. Nikamwambia, "Afande, ukiichukua hiyo umechukua mdomo wa mtoto, na baba yake alishauchukua mara moja." Tukakubaliana nimpe nakala ya kila kitu kwenye flash, programu na ile faili ya kuunganisha pia, nikatia sahihi. Nakala nyingine iko shuleni, nyingine kwa Semei. Sitarudia kosa la kuweka kitu mahali pamoja.

Sasa habari mbaya. Wamemwachia Mugweri kwa dhamana. Afande anasema mwili wa Betty haukupimwa na daktari, na neno la mtoto peke yake wakili wake atalichezea. Linalohitajika ni maelezo yako: kufuli, simu, damu, yote. Bila hayo faili inaweza kufungwa.

Sikulazimishi. Wewe una kichanga. Ila ujue kwamba juzi nilipotoka shuleni Nabuyonga alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, amevaa shati lake la kanisani. Hakunisalimu. Alitazama nimeelekea wapi. Milly hulala kwangu chumba cha ndani sasa, na Semei hupita kutuangalia kabla ya kufunga duka.

Nambozo


Busia
9 Novemba 2025

Dada,

Kaka yake Mugweri alikuja hapa Ijumaa. Alileta sukari, khanga mbili na sabuni ya mtoto. Alikaa na mama yangu sebuleni, wakasali. Kisha akaomba anione.

Alisema familia imekaa, imeona nyumba isivunjike kwa ajili ya maneno ya mashine. Alisema mtoto wa Mugweri ni wa ukoo wao, utaratibu wao wanaujua, watakuja kumchukua akifikisha umri. Nilimuuliza, "Ulijua kuhusu kufuli?" Akaangalia mikono yake. Akasema, "Mke wa kwanza alikuwa mkaidi." Alisema hivyo tu, Nambozo, kama mtu anayeeleza bei ya saruji. Kwa hiyo walijua. Walijua siku ya mazishi, na wakakaa nasi harusini wakala wali.

Alipoondoka mama alisema nisivuke mpaka tena. Amesema, "Mwanangu, waliozikwa wamezikwa, wewe uko hai." Tumebishana siku mbili. Leo amefua nepi zote na kuzikunja kwenye mfuko wa safari, na amefunga na vazi lake la kanisani. Sikuuliza. Nadhani anakuja nami.

Nakuambia ukweli kwamba naogopa. Nikisikia mtu anafunga mlango hapa nyumbani, hata mlango wa choo, naenda kuujaribu kama unafunguka. Hospitali nilikuwa namuomba muuguzi aache mlango wazi, akadhani nasikia joto. Lakini nakumbuka pia kwamba mtoto asiyeweza kushika kijiko alikaa na mimi wiki nyingi akitafuta namna ya kuniambia, na mimi nikampa uji.

Odhiambo anapita hapa Jumatatu na mzigo wa Jinja. Amesema mbele kuna nafasi ya watu watatu na kichanga. Shakirah atatulaza kwake, ukuta ule ule, hilo nimeshalikubali.

Mwambie afande asifunge faili kabla sijafika.

Maximilla